GUGU KAROTI NA UWANJA WA GHALA LA CHAMA



Gugu linalozungumzwa leo si la nchi hii. Asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini, na mkoani Arusha liligunduliwa mwaka 2010. Liliitwa gugu karoti kwa kuwa majani yake machanga, yakitandaa juu ya ardhi, hufanana na ya karoti. Lakini anayeling'oa haoni karoti, bali mzizi mtupu. Shina lina mifereji na vinyweleo, na juu hutoa vitawi vyenye vijiua vyeupe vidogo.

Vijiua hivyo ndivyo vya kuogopwa. Mmea mmoja uliostawi huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, nazo hukaa udongoni miaka kadhaa zikingoja mvua. Ng'ombe hulikwepa; majani mema yakiisha kuliwa, lenyewe hubaki na kumiliki malisho. Ng'ombe anayelila kwa njaa hutoa maziwa machungu, na mpokeaji wa maziwa hatauliza sababu, atayakataa tu. Mkulima anayelishika mara kwa mara hupata upele na mwasho, na chavua yake humchochea mwenye pumu.

Nchini India inaaminika kwamba liliingia miaka ya 1950 pamoja na ngano iliyoagizwa kutoka Marekani, yaani lilisafiri na nafaka. Vyama vya ushirika vina sababu ya kulitafakari jambo hilo. Lori la mahindi hupita kijiji kwa kijiji, magunia matupu hurudi kwa wanachama, na matope ya magurudumu hudondoka mbele ya ghala. Gugu moja likiachwa lichanue nyuma ya mizani, chama chenyewe huwa msambazaji. Usafi wa uwanja huo basi si urembo. Ni kazi ya ofisi kama ilivyo kuandika stakabadhi.

Ling'olewe na mzizi wake, ardhi ingali na unyevu, kabla halijachanua. Likifyekwa tu huchipua tena. Mikono ivikwe glavu. Lililokwisha kuchanua litiwe guniani papo hapo lilipoota, kisha lichomwe pamoja na gunia lake, wala lisitupwe kwenye samadi. Kwa kuwa huweza kuchanua katika muda wa wiki 4 hadi 8 tangu kuota, ukaguzi wa mara moja kwa msimu haufai kitu. Wakati wa mvua ufanywe kila wiki 3, nazo kingo za barabara na mifereji zisisahauliwe. Mahali palipong'olewa paoteshwe majani ya malisho, kwani gugu hili hupenda ardhi iliyo wazi.