Maji Kabla ya Moto: Majeraha ya Kuungua Kazini Garissa na Kinga Yake

Jeraha la kuungua ni uharibifu wa ngozi, na mara nyingine wa misuli iliyo chini yake, unaoletwa na moto, mvuke, kimiminika cha moto, umeme au tindikali. Mjini Garissa, Kenya, hatari hii imo katika kazi za kila siku: jikoni mwa hoteli, kwenye karakana za jua kali, penye kuuzwa petroli na, tangu 2019, katika mtambo wa umeme wa jua wa megawati zaidi ya 50.

Jikoni, mafuta ya kukaangia sambusa hufikia nyuzi 180 hivi za Selsiasi. Mwiko uliooshwa usikaushwe ukitumbukizwa humo, maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo na kupanuka takriban mara 1,700. Mafuta huruka hadi usoni mwa mpishi. Kwa sababu hiyo, mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji kamwe: jiko huzimwa, karai likafunikwa kwa kifuniko cha chuma na kuachwa mpaka lipoe.

Kwenye karakana, adui ni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini na huwaka hata penye baridi ya kugandisha maji, sembuse katika joto la Garissa. Pipa linaloitwa tupu huweza kuwa hatari kuliko lililojaa, kwani mvuke uliobaki umeshachanganyika na hewa. Halichomelewi kabla ya kusafishwa na kuhakikishwa kuwa halina mvuke. Ukali wa moto wa petroli ulionekana huko Sachangwan, pia nchini Kenya: tarehe 31 Januari 2009, petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori ililipuka na kuua watu zaidi ya 100.

Paneli za jua nazo huzalisha umeme muda wote zinapomulikwa, hata swichi kuu ikizimwa. Jeraha la umeme huonekana dogo juu ya ngozi huku misuli na moyo vikiwa vimeathirika. Kila aliyepigwa na umeme apelekwe hospitali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Katika nchi kame, wajibu huo huanza na maji. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na saa zivuliwe, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga na barafu huliongezea madhara. Mtungi wa lita 20, ukimiminwa lita moja kwa dakika, hutosha muda huo wote. Uwekwe kivulini, kwani maji ya tangi lililopigwa na jua huwa ya moto.

Kila jiko na kila karakana iwe na mtungi huo, umejaa, na usiguswe kwa kazi nyingine.