Kalamu ya Chuma na Daftari la Stoo

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya mafundi wa Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam)



Mmezoea kuniona nikija na kalamu ya wino na kuwataka mnionyeshe vitabu vya fedha. Leo nimekuja kuzungumza juu ya kalamu ya namna nyingine, ile ambayo mafundi wengi huiita skraiba: kijiti cha chuma kigumu chenye ncha kali, ambacho fundi hukitumia kuchora mstari juu ya chuma au bati kabla ya kukata. Mimi nitaiita kalamu ya chuma. Huenda baadhi yenu wakajiuliza, mkaguzi wa hesabu ana habari gani na zana za karakana? Nitajibu kwa kisa kimoja kilichonifunza mimi mwenyewe.

Mabati manane yaliyopotea

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha mafundi wa bati katika Wilaya ya Temeke. Jina lake nitalihifadhi. Chama hicho kilikuwa kimepata kazi ya kutengeneza masanduku 120 ya wanafunzi wa shule za bweni, nayo yalitakiwa kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari. Kila sanduku lilihitaji vipande viwili vikubwa vyenye upana wa milimita 405, mbali na vipande vya ubavuni vilivyokatwa katika mabati mengine. Kwa hiyo vipande vikubwa vilivyotakiwa vilikuwa 240.

Bati walilonunua lilikuwa la futi nane kwa nne, yaani urefu wa milimita 2440 na upana wa 1220. Vipande sita vya milimita 405 huchukua milimita 2430, na milimita 10 hubaki. Kamati ilipiga hesabu hiyo vizuri: vipande sita kwa kila bati, basi mabati 40 yatatosha. Lakini nilipofungua daftari la stoo nilikuta yametolewa mabati 48. Mabati manane yalikuwa yamekwenda bila maelezo.

Wanachama hawakungoja mkaguzi. Walikwisha kukutana na kumtuhumu mtunza stoo, mzee mmoja aliyekuwa mwanachama tangu chama kilipoanzishwa. Alinyang'anywa funguo, na mkutano ukaazimia kwamba alipe gharama ya mabati yale kutoka katika hisa zake. Nami, ndugu zangu, sina budi kukiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuandika katika rasimu ya taarifa yangu kuwa upotevu huo umetokana na uzembe wa mtunza stoo. Daftari lilionyesha pengo, na funguo zilikuwa mkononi mwake. Niliona yatosha.

Asubuhi ya siku ya mwisho mzee yule alinijia, akanisalimu, akasema: "Bwana Mkaguzi, kila bati nililitoa kwa saini. Hakuna lililotoka nje ya lango. Nakuomba utazame nyuma ya karakana kabla hujamaliza kuandika."

Nilikwenda. Nyuma ya karakana palikuwa na rundo la vipande vya bati, virefu, vilivyonyooka, vyenye karibu upana mmoja. Nilichukua rula nikavipima. Vingi vilikuwa na milimita 400, au pungufu yake kidogo. Tulivihesabu pamoja vikawa 43. Vitano vingine vilikuwa vimekwisha kutengenezwa vizoleo vya taka na vifuniko vya majiko. Jumla yake 48: kila bati lilikuwa limeacha kipande kimoja ambacho hakikufaa kwa kukosa milimita tano.

Bati halikuibwa. Lilipotea katika upana wa mstari.

Mstari mnene

Mafundi wa chama kile walikuwa wakichora kwa chaki. Mstari wa chaki huwa na unene wa milimita tatu hata zaidi. Fundi mmoja hukata ndani ya mstari, mwingine nje yake, na kila mmoja huamini kwamba ameufuata. Juu ya hayo, walipima kila kipande kuanzia pale kilipokatwa kipande kilichotangulia. Kosa la milimita tatu katika kipande cha kwanza lilisukumwa hadi cha pili, likaongezwa lingine, na kuendelea hivyo. Vipande vitano vya milimita 408 ni milimita 2040. Toa katika 2440, hubaki 400. Kipande cha sita kimekwisha kufa kabla mkasi haujakifikia. Kwa vipande vitano badala ya sita, vipande 240 huhitaji mabati 48. Waliotangulia walisema bandu bandu huisha gogo.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, vipimo vyote vipimwe kutoka ukingo mmoja wa bati: 405, 810, 1215, na kuendelea hadi 2430, kabla ya kukata chochote. Pili, mstari uchorwe kwa kalamu ya chuma, ambayo alama yake, ikiwa imenolewa vema, haizidi robo ya milimita. Mstari wa namna hiyo haumpi fundi nafasi ya kubishana nao.

Kuchagua kalamu ya chuma

Kalamu ya kawaida ni ya chuma cha pua kilichotiwa ugumu. Hii yatosha kwa bati, chuma cha pembe, mabomba na shaba, nayo hunoleka katika karakana yoyote. Iko pia yenye ncha ya kabaidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu zaidi. Hiyo hudumu na ukali wake muda mrefu na huweza kuchora juu ya chuma kigumu na vigae, lakini huvunjika upesi ikianguka sakafuni, wala hainoleki kwa jiwe la kawaida. Hutaka jiwe la kijani la silikoni kabaidi au la almasi. Chama kisicho na jiwe hilo yafaa kinunue za kawaida nyingi, na ya kabaidi moja kwa kazi maalumu.

Iko vilevile yenye ncha mbili, moja imenyooka na nyingine imepindwa. Ile iliyopindwa ni ya kuchora mahali ambapo mkono haufiki, kama ndani ya bomba au tundu. Ikiwa chama hakifanyi kazi ya namna hiyo, ncha ya pili huongeza hatari tu.

Mnunuzi wa chama asitazame rangi na mng'aro. Atazame kama shina limenyooka, kama limekwaruzwa ili lisiteleze katika mkono wenye jasho, na kama ncha iko katikati. Kisha aombe achore mara mbili tatu juu ya kipande cha chuma cha kawaida. Ncha ikijikunja au kuwa butu pale pale dukani, airudishe.

Asiye na fedha anaweza kutengeneza yake kwa tupa nyembamba iliyochakaa, kwa kuinoa polepole na kuichovya katika maji kila mara. Kwa kuwa tupa ni ngumu tangu mwanzo, haihitaji kuingizwa motoni.

Kuitumia

Rula ya chuma au pembemraba ikandamizwe isisogee. Kwa bati refu ibanwe pande zote mbili. Kalamu ilazwe kidogo upande wa nje ili ncha yake iguse chini kabisa ya ukingo wa rula, na ielekezwe upande inakokwenda, ili ncha ifuate nyuma kwa kuvutwa. Ikisimamishwa wima hurukaruka. Mstari uchorwe mara moja tu, kwa nguvu ya wastani. Fundi anayerudia huchora mistari miwili, na baadaye hajui aufuate upi. Baada ya hapo atie alama ya msalaba upande wa mabaki, ili mkataji ajue pa kupitisha mkasi au msumeno.

Chuma cheusi kisichoonyesha mstari kipakwe chaki au chokaa kwanza. Chuma cheupe kilichosafishwa mafuta hupakwa maji ya mrututu. Hubaki utando mwembamba wa rangi ya shaba, na mstari huonekana waziwazi. Lakini mrututu ni sumu: mikono ioshwe, na chupa iwekwe mbali na vyombo vya chakula. Usipakwe juu ya bati lenye zinki, kwani huila zinki hiyo.

Hapa nataka kutoa onyo. Kalamu ya chuma ni ya mistari ya kukata. Pale bati litakapokunjwa, tumieni kalamu ya risasi. Mkwaruzo katika mkunjo hufungua zinki na kuwa mlango wa kutu, hasa kwetu hapa pwani penye hewa ya chumvi. Na bamba la alumini huweza kupasuka katika mkunjo huo huo. Sanduku zuri likiota kutu pembeni baada ya mwaka mmoja, mteja halaumu bati, hulaumu chama.

Ndugu zetu maseremala wa Keko na wachongaji wa Mwenge wasione kwamba haya hayawahusu. Mstari wa risasi hauonekani vema juu ya mninga, na risasi butu hunenepa kama chaki. Kwa viungo, mahati iliyonolewa na ncha ya kisu huacha mfereji mwembamba ambao patasi hukaa ndani yake. Hesabu ya ubao ni ile ile ya bati.

Kunoa na kutunza

Ncha iwe ndefu na nyembamba, ya pembe isiyozidi nyuzi 30. Inolewe kwa jiwe la mafuta, na mikwaruzo ya jiwe ifuate urefu wa kalamu. Anayetumia jiwe la mashine aguse kidogo kidogo na kuipoza majini. Ncha ikigeuka rangi ya buluu, ugumu umetoka. Mhunzi anaweza kuurudisha: huipasha ncha hadi iwe nyekundu ya kung'aa, huizima katika mafuta, huisugua hadi iwe nyeupe, kisha huipasha tena taratibu hadi ipate rangi ya majani makavu, yaani karibu nyuzi 230 za Sentigredi, na kuizima mara ya pili.

Kalamu ya chuma isigongwe kwa nyundo. Kazi hiyo ni ya senta panchi. Wala isiwekwe katika mfuko wa shati. Fundi huinama, na ncha ile iko karibu na jicho na kifua. Baada ya kazi ichomekwe katika kizibo au kipande cha kandambili kuukuu.

Wajibu wa makatibu

Sasa narudi katika kazi yangu. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka. Lakini mkaguzi huja mara moja, na bati hukatwa kila siku. Kwa hiyo nawaomba makatibu mfanye mambo manne.

Kwanza, kila kalamu ya chuma iandikwe katika daftari la zana, na aliyekabidhiwa atie saini. Pili, hati ya kutolea bati ionyeshe idadi ya vipande vinavyotarajiwa, na jioni iandikwe idadi iliyopatikana. Tatu, bati la kwanza la kazi yoyote likatwe na kupimwa mbele ya msimamizi kabla la pili halijatolewa stoo. Nne, mabaki yahesabiwe kabla ya kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha yake ikatiwe stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chama nilichokisimulia kilikuwa na daftari la bati, lakini hakikuwa na daftari la vipande.

Wenye haja ya mafunzo wasione haya kuyatafuta. SIDO liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuhudumia viwanda vidogo kama vyenu, na chuo cha VETA cha Chang'ombe kiko hapa hapa Temeke.

Mwisho wa kisa

Huenda mnataka kujua mzee yule alikuwaje. Niliifuta sentensi yangu nikaandika nyingine. Mkutano uliitishwa, vipande 43 vikapangwa mbele ya wanachama, na mwenyekiti akamwomba radhi hadharani. Alirudishiwa funguo zake. Alikaa nazo miezi miwili, kisha akaziweka juu ya meza ya kamati, akaomba apumzike. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Chama kilipata hesabu iliyo sawa, kikampoteza mtunza stoo mwaminifu.

Tangu siku ile, nikikuta pengo katika daftari la stoo la karakana, naomba rula kabla sijaomba maelezo ya mtu. Nanyi nawaomba, kabla hamjamnyoshea mwenzenu kidole, mtazame kwanza mstari wenu una unene gani.