Timu ya Mji Baada ya Kushuka Daraja: Mafunzo kwa Wakazi wa Kata



Mada hii inahusu mpira wa miguu, lakini haihusu mpira peke yake. Inahusu mali ya umma, ajira za vijana na namna mji unavyopokea kushindwa. Klabu ya Geita Gold, ambayo kwa miaka mingi imelelewa chini ya Halmashauri ya Mji wa Geita kwa udhamini wa mgodi mkubwa wa dhahabu, GGML, ilishuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2023/2024. Msimu uliofuata ulipokwisha, timu ilikuwa bado iko daraja la chini. Mwenye kiti cha mbao pembeni mwa uwanja, mama lishe aliyezoea kupika wali wa siku ya mechi na kijana wa bodaboda aliyebeba abiria kutoka stendi, wote wanauliza swali moja: je, sasa itakuwaje?

Kabla ya kulijibu, ni haki kwanza kukumbuka timu ilikotoka, kwa maana wepesi wa kulaumu huja pale kumbukumbu inapokuwa fupi.

Njia ya klabu hii haikuwa nyoofu. Mwaka 2016, ikiwa inanyemelea Ligi Kuu, ilikuwa miongoni mwa timu 4 za kundi moja la Ligi Daraja la Kwanza zilizoadhibiwa na Shirikisho la Soka Tanzania katika shauri la upangaji wa matokeo. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Geita ikarudi chini na kuanza upya, na ilichukua miaka 5 kuufikia tena mlango ule ule. Mwaka 2021 mlango ukafunguka.

Msimu wa kwanza wa Ligi Kuu, yaani 2021/2022, ulianza kwa kusuasua, ukaisha kwa shangwe. Chini ya kocha Fred Felix Minziro, timu ilimaliza katika nafasi ya 4 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mshambuliaji wake George Mpole alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa ligi nzima, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao 1. Mji ambao hapo awali ulijulikana kwa dhahabu peke yake ukaanza kutajwa kila juma katika habari za michezo. Barani Afrika safari haikuwa ndefu, kwani Hilal Al Sahil ya Sudan iliwatoa mapema. Hata hivyo, kwa klabu iliyokuwa na mwaka mmoja tu katika Ligi Kuu, kufika huko lilikuwa jambo la heshima.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mpole aliondoka kwenda FC Saint-Éloi Lupopo ya Kongo, na pengo la mfungaji wa mabao 17 halizibwi kwa usajili wa pupa. Tarehe 28 Mei 2024, siku ya mwisho ya msimu, Geita ilifungwa na Azam, na hukumu ikathibitika: ilishuka pamoja na Mtibwa Sugar.

Timu hizo 2 zilianguka siku moja na kushindana katika ligi moja mwaka uliofuata, lakini hazikuinuka pamoja. Katika Championship ya 2024/2025, Mtibwa Sugar ilitwaa ubingwa na kurejea moja kwa moja, ikifuatana na Mbeya City. Kwa kanuni za ligi hiyo, timu 2 za juu hupanda bila masharti, na za nafasi ya 3 na ya 4 hucheza mchujo. Katika mchujo huo walikutana ndugu wa damu: Geita Gold na Stand United ya Shinyanga. Stand ikavuka. Lakini nayo ikakwama mbele ya Fountain Gate ya Ligi Kuu, na hivyo mikoa hii 2 yenye madini ikabaki bila timu hata moja katika daraja la juu.

Hapo ndipo suala linapokuwa zito zaidi ya matokeo ya timu moja. Tazama orodha ya Kanda ya Ziwa. Stand United ilishuka mwaka 2019. Alliance na Mbao za Mwanza zilishuka mwaka 2020. Mwadui ya Kishapu na Gwambina ya Misungwi zilishuka mwaka 2021. Biashara United ya Musoma ilifuata mwaka 2022, Geita Gold mwaka 2024, na Kagera Sugar, iliyokaa miaka mingi, mwaka 2025. Msiba unaorudi karibu kila mwaka katika nyumba zilizo jirani hauwezi kuitwa bahati mbaya. Una sababu, na sababu zinaweza kuchunguzwa.

Mfano wa kwanza ni Stand United. Klabu hiyo ilizaliwa katika stendi ya mabasi ya Shinyanga, kwa nguvu za madereva, makondakta na wachuuzi, na mashabiki wake wakaiita Chama la Wana. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/2015. Mwaka 2015 kampuni ya madini ya Acacia ikawa mdhamini, kwa kiasi cha fedha ambacho timu nyingi za mikoani hazikuwahi kukiona. Ndani ya muda mfupi ukazuka mgogoro wa nani mwenye timu: wanachama waliyoianzisha au kampuni iliyosajiliwa kwa jina lake. Pande 2 zikavutana, na mdhamini akajiondoa mwaka 2016. Timu iliendelea kupambana, na Septemba 2018 mshambuliaji wake Alex Kitenge aliifunga Yanga mabao 3 katika mechi moja ambayo Stand ilipoteza kwa 4-3. Mwisho wa msimu huo ikashuka. Fundisho lake ni kwamba fedha nyingi zikiingia katika nyumba ambayo umiliki wake haujaandikwa vizuri, huleta ugomvi kabla ya kuleta ushindi.

Mfano wa pili ni Mwadui. Timu hiyo ilijengwa pembeni mwa mgodi wa almasi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/2016 ikiwa na kocha Jamhuri Kihwelo, maarufu kama Julio. Aprili 2020, bei ya almasi ilipoporomoka wakati wa janga la korona, mgodi ulisimamisha uzalishaji. Mwaka 2021 timu ikashuka. Hakuna haja ya kudai kwamba jambo moja ndilo lililozaa jingine. Inatosha kuona kwamba klabu iliyojengwa juu ya shimo moja hutetemeka shimo hilo linapotetemeka.

Fundisho hili linaugusa ukanda wote wa dhahabu. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na kumaliza mwaka 2021. Watoto waliozaliwa ulipofunguliwa hawakuwa wamemaliza shule ya msingi ulipofungwa. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000 na bado unafanya kazi, lakini dhahabu si mahindi: ikivunwa haioti tena. Klabu inayotegemea mdhamini mmoja inapaswa kuulizwa leo, mdhamini angali mkarimu, itasimama kwa miguu gani siku ukarimu huo utakapokoma.

Kushuka daraja nako kuna hesabu yake. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za matangazo ya Ligi Kuu. Timu iliyoko Ligi Kuu hupata fungu lake katika mkataba huo, iliyoshuka hulikosa. Lakini gharama hazishuki pamoja na daraja. Safari ya basi kutoka Geita hadi Songea, Arusha au Tanga ni ndefu ile ile. Wachezaji wanakula na kulala kama zamani, na mikataba iliyosainiwa wakati wa neema bado inadai. Ndiyo maana mwaka wa kwanza baada ya kushuka ni mwaka wa hatari: matumizi ni ya Ligi Kuu, mapato ni ya Championship.

Hapo mkazi wa kata ana haki ya kuuliza: pengo hilo linajazwa na nani? Likijazwa na mapato ya ndani ya halmashauri, basi timu inashindana na zahanati, madawati na barabara za mitaa. Ikumbukwe kwamba sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ikumbukwe pia kwamba kampuni za madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mauzo, na kwamba Sheria ya Madini, kifungu cha 105, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii kwa makubaliano na serikali za mitaa. Fedha hizo ni za wakazi. Kuziweka katika michezo si kosa, kwa kuwa michezo ni afya, ajira na umoja. Kosa ni kuziweka bila wakazi kujua ni kiasi gani, kwa kazi gani na kwa matokeo gani.

Wapo wanaosema timu iachwe ife ili fedha zote ziende hospitalini. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake na haistahili kudharauliwa. Mama aliyeambiwa dawa zimekwisha hawezi kufurahia usajili wa mshambuliaji. Lakini timu ikifa, kinachookolewa ni kidogo kuliko kinavyodhaniwa, na kinachopotea hakirudi upesi: nafasi ya ligi iliyotafutwa kwa miaka, mapato ya siku za mechi, na sababu ya kijana wa Katoro au Nyarugusu kuamini kwamba kuna njia nyingine ya maisha zaidi ya kushuka katika duara la mchimbaji mdogo. Wapo pia wanaosema timu ipandishwe kwa gharama yoyote. Hoja hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu neno “yoyote” halina bajeti.

Kati ya kauli hizo 2 ipo njia ya tatu, nayo haihitaji miujiza.

Kwanza, umiliki uandikwe na ujulikane. Klabu iwe na katiba, bodi na wanachama, na hesabu zake zitenganishwe na hesabu za halmashauri. Mkasa wa Stand unatosha kuwa onyo.

Pili, mapato na matumizi ya klabu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata kama yanavyobandikwa ya miradi mingine. Kiingilio cha mlangoni, fedha za mdhamini, mishahara na madeni visomwe na kila mwenye macho. Mkazi anayejua timu inadaiwa kiasi gani hatashangaa inapouza mchezaji.

Tatu, wadhamini waongezwe. Mgodi mmoja ukitoa fungu kubwa, wafanyabiashara wa mji, wachenjuaji, vyama vya wachimbaji wadogo na wenye mabasi watoe mafungu madogo. Mafungu madogo mengi hayaondoki siku moja.

Nne, na hili ndilo kubwa, timu ianzie katani. Kanuni za leseni za klabu barani Afrika hupima mambo 5: michezo, miundombinu, utawala, sheria na fedha, na katika jambo la kwanza zinadai klabu iwe na timu za vijana. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yapo tayari, na walimu wa michezo wapo. Kinachohitajika ni kila kata kulinda kiwanja chake kisimegwe na ujenzi, kuwa na timu ya vijana yenye mwalimu, na klabu kubwa kuwa na mtu anayekuja kuwatazama. Timu inayosajili wachezaji 20 kila mwaka kutoka mbali hulipa mara 2: hulipa wanapokuja, na hulipa kwa kutofahamiana kwao uwanjani.

Wajibu haupo kwa viongozi peke yao. Mkazi anayeingia uwanjani kwa kuruka ukuta ameinyima timu kiingilio kama vile mhasibu mwizi. Shabiki anayemtukana kijana wa miaka 19 kwa kukosa penalti anamfundisha mwingine wa miaka 12 kwamba ni salama zaidi kutocheza kabisa. Na mwananchi asiyehudhuria mkutano wa mtaa wake hatakuwa na pa kusimama bajeti itakapopitishwa bila yeye.

Ndugu wakazi, mwaka 2016 timu hii ilirudishwa chini kwa aibu, na ilipanda baada ya miaka 5 ya kazi isiyoandikwa magazetini. Safari hii imeshuka kwa kushindwa uwanjani, jambo ambalo si aibu kwa yeyote. Muda wa kurudi utategemea mambo ambayo hayaonekani katika msimamo wa ligi: daftari la hesabu lililo wazi, kiwanja cha kata kilichohifadhiwa na mwalimu wa vijana anayelipwa kwa wakati. Mikutano ya mitaa ipo karibu. Maswali haya yapelekwe huko, yaandikwe katika mihtasari, na diwani ayafikishe katika baraza.