Gemu: Nani Anamchezea Nani?



Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana wenzangu. Nilipoambiwa nizungumzie michezo ya video katika mwezi huu mtukufu, mtu mmoja aliniuliza, "Kwani mada nyengine zimekwisha?" Nikamjibu kwamba mada nyengine zina wasemaji, hii haina. Wanaopewa kipaza sauti wengi hawajawahi kushika pedi, na wanaoshika pedi hawapewi kipaza sauti. Mimi nimesoma madrasa tangu utotoni, sasa niko chuo kikuu, na gemu nacheza. Sikuja kutoa fatwa, fatwa ina wenyewe. Nimekuja kutoa maoni ya mchezaji, halafu wewe utapima.

Swali langu ni moja tu: unapoketi mbele ya ile skrini, nani anamchezea nani?

SISI NI NANI NDANI YA GEMU?

Tuanze na sura yetu. Kwa miaka mingi, ukiwasha gemu ya vita ukaona mnara wa msikiti, ulijua risasi ziko karibu. Mwarabu wa kwenye gemu hakuwa na mama, hakuwa na duka, hakuwa na mtoto anayekwenda madrasa. Alikuwa shabaha tu.

Na wakati mwengine hata historia hugeuzwa. Call of Duty: Modern Warfare iliyotoka 2019 inataja "Barabara ya Mauti" na kusema walioilipua ni Warusi. Nchi iliyomo ndani ya gemu ni ya kubuni, sawa. Lakini jina hilo lina barabara yake ya kweli. Ni ile ya kutoka Kuwait kwenda Basra, ambako Februari 1991 ndege za Marekani na washirika wake zilishambulia misafara ya Wairaki waliokuwa wakirudi nyuma. Sasa kijana wa miaka 15 asiyesoma historia atabaki na ipi? Atabaki na ile aliyoicheza kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo gemu inapoishinda sinema: sinema unaitazama, gemu unaitenda.

Novemba 2021, katika Call of Duty: Vanguard, wachezaji waliona kurasa za Qur'ani zimetapakaa chini sakafuni. Waislamu walilalamika, kampuni ikaomba radhi kwa Kiarabu na kuziondoa. Na kabla ya hapo, Oktoba 2008, Sony ilichelewesha gemu ya watoto iitwayo LittleBigPlanet dunia nzima kwa sababu wimbo mmoja wa mwanamuziki wa Mali ulikuwa na maneno ya Qur'ani. Nataja mambo haya mawili kwa sababu moja. Kuna watu hudhani sauti yetu haifiki popote. Inafika, ikisemwa kwa adabu na kwa hoja, bila matusi.

Tuwe waadilifu pia, tuseme na mazuri. Oktoba 2023 ilitoka Assassin's Creed Mirage, na mji wake ni Baghdad ya karne ya 9, zama za Bani Abbas. Unaweza kuicheza yote kwa Kiarabu. Unatembea sokoni, unasikia adhana, unaingia Baytul Hikma, ile nyumba ya elimu, na ndani mna maelezo ya historia ya kusoma. Nilipoiona nilifurahi, lakini nikajiuliza jambo: mbona mhusika mkuu bado ni muuaji wa siri? Katika mji uliokuwa na wafasiri, matabibu na wanahesabu, bado tumepewa jambia tu!

Na hapa pana kichekesho. Aliyefanya kazi Baghdad katika karne hiyo hiyo ni Al-Khwarizmi, mwanahesabu. Neno "algorithimu" limetokana na jina lake. Gemu zote, kuanzia ile ya nyoka kwenye simu za zamani hadi za PlayStation 5, zinaendeshwa na algorithimu. Maana yake ni kwamba jina la Muislamu limo ndani ya kila gemu, ila sisi wenyewe tumebaki kuwa wateja.

Si sote, lakini. Mpalestina Rasheed Abueideh alitengeneza gemu fupi ya simu, Liyla and the Shadows of War, ikatoka 2016. Inahusu familia moja ya Gaza katika vita vya 2014. Huna bunduki. Kazi yako ni kukimbia na mtoto wako. Mwanzoni Apple ilikataa kuiweka katika fungu la michezo, watu wakapiga kelele, ikakubali. Yule hakungoja kampuni kubwa imchoree sura yake. Aliichora mwenyewe.

SANDUKU LA BAHATI

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha raha zaidi kuliko risasi. Ni pesa.

Zamani, na hata leo katika vibanda vya mtaani, ulilipa shilingi zako, ukacheza mechi yako, ukaenda nyumbani. Gemu nyingi za leo, hasa za simu, ni bure kuingia. Biashara iko ndani. Katika gemu za mpira unanunua pointi, kwa pointi unafungua pakiti, na ndani ya pakiti kuna kadi za wachezaji usizozijua. Huenda ukampata nyota, huenda ukapata beki wa akiba ambaye hata kwao hawamjui. Taa zinawaka, muziki unapanda, moyo unadunda. Je, jambo hili halina jina katika Kiswahili?

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme nafasi ya kumpata yule nyota ni 1 kati ya 100, na pakiti ni shilingi 100. Kijana hufikiri, nikifungua pakiti 100 nitampata tu. Sivyo. Hata baada ya pakiti 100, kati ya watu 100 waliojaribu, takriban 37 watakuwa hawajampata kabisa, na kila mmoja ametoa shilingi 10,000. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha nani?

Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema masanduku haya ni kamari chini ya sheria yao, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Uholanzi mambo yalikwenda kinyume: Machi 2022 mahakama iliondoa faini ya yuro milioni 10 iliyokuwa imetozwa EA. Kwa hivyo mahakimu wa Ulaya wenyewe hawajakubaliana.

Lakini wewe na mimi hatungoji hakimu wa Ulaya. Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeweka ulevi na kamari mahali pamoja. Hukumu kamili ya pakiti waulize masheikh wako, na uwaeleze vizuri inavyofanya kazi, wasije wakadhani unauliza juu ya mpira. Ninachosema mimi kama mchezaji ni hiki: kijana aliyezoea kufungua pakiti akiwa na miaka 12, siku atakapofungua tovuti ya kubashiri mechi akiwa na miaka 18 hataona amevuka mlango wowote. Mkono wake umeshazoea. Na sote tunajua kubashiri kumewafanya nini vijana wa mitaa yetu, wengine karo ya muhula mzima imekwenda na timu iliyofungwa dakika ya 90.

PESA ZIKO MIKONONI MWA NANI?

Septemba 2025 ilitangazwa kwamba mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, pamoja na kampuni mbili za Marekani, umekubaliana kuinunua EA kwa dola bilioni 55. Tayari Riyadh iliandaa Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki mwaka 2024, na zawadi zilipita dola milioni 60. Vijana wengi wamefurahi: "Sasa gemu ni zetu!"

Polepole, ndugu yangu. Pakiti haiwi halali kwa sababu mwenye duka anaitwa Abdallah. Ikiwa wenye mali wapya wanataka tuone tofauti, basi tuione kwenye masanduku ya bahati. Wakiyaondoa, mimi nitakuwa wa kwanza kuwapigia makofi. Wasipoyaondoa, kilichobadilika ni akaunti ya benki tu.

WAKATI

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliidhinisha orodha mpya ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kuzama katika gemu. Dalili kubwa ni tatu: huwezi kujizuia, gemu inatangulia mbele ya kila kitu, na unaendelea hata ukiona madhara. Kwa kawaida ni hali inayodumu kama miezi 12. Kwa hivyo, mzazi, mtoto aliyecheza Jumamosi nzima si mgonjwa. Usimpeleke kusomewa! Lakini mtoto aliyeacha kula na wenzake, aliyeacha shule, anayezua vita akinyang'anywa simu, huyo msikilize.

Gemu ya kisasa imetengenezwa isiishe. Ukiingia kila siku unapewa zawadi, ukikosa siku moja mfululizo wako unakatika. Angalia Ramadhani. Watu wanatoka Tarawehe, wanajikusanya, "mechi moja tu," na mechi moja inakwenda mpaka daku. Alfajiri anaswali macho yamefumba, mchana mzima amelala, magharibi anaamka kufuturu. Huyo amefunga, au amelala na njaa? Mwezi huu tunakatika mfululizo wa gemu au mfululizo wa juzuu, na mmoja katika hiyo hauwezi kununuliwa kwa pointi.

TUFANYE NINI?

Kwa wazazi. Msiseme "haramu" kisha mkampa mtoto simu ili anyamaze. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Soma umri ulioandikwa kwenye gemu: GTA V imeandikwa ya watu wazima, si mapambo yale. GTA VI, iliyotangazwa kutoka 19 Novemba 2026, itapigiwa kelele nyingi zaidi, na mtoto wa darasa la sita ataililia. Usimwambie mtoto nambari yako ya siri ya pesa za simu. Na siku moja keti kando yake, umuulize, "Hii inachezwaje?" Nusu saa hiyo itakufunza mengi kuliko hotuba yangu.

Kwa vijana. Chagua gemu yenye mwisho, ununue mara moja, uimalize. Gemu inayokuomba pesa kila siku si gemu, ni mdai. Ukitaka kushindana, mtazame Arslan Ash wa Lahore, Pakistan. Mwaka 2019 alishinda mashindano ya Tekken ya EVO kule Japani na tena Las Vegas, mwaka mmoja, wakati wengi hawakujua kama Pakistan ina wachezaji. Na hapa kwetu Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya ng'ambo mwaka 2018 kwa Tekken hiyo hiyo. Hawa hawakufika kwa kufungua pakiti. Walifika kwa mazoezi, na Tekken haina kadi ya bahati: ukishindwa umeshindwa wewe.

Na wale mnaosoma kompyuta, uchoraji, au Kiswahili na historia, nina ombi. Pwani yetu ina majahazi, ina Gede, ina Lamu, ina visa vya mabaharia. Gemu yake iko wapi? Tukingoja wengine waitengeneze, tusije tukashangaa mnara wetu wa msikiti ukigeuzwa tena maficho ya kulengea shabaha.

Nimeuliza mwanzo nani anamchezea nani. Jibu liko kwako usiku wa leo, baada ya Tarawehe. Ukiweza kuiweka pedi chini kwa hiari yako, wewe ndiye mchezaji. Usipoweza, basi unachezewa.

Allah atukubalie funga zetu, atubarikie katika wakati wetu na mali zetu, na awaongoze vijana wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.