Kitabu Kipi Tuwanunulie Vijana?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bariadi)



Nimetakiwa nishauri kitabu kipi cha maisha ya mtu aliyepambana na shida tukinunulie maktaba kwanza. Vimetajwa vitatu.

Cha kwanza ni cha J. M. Kariuki wa Kenya, kilichotoka mwaka 1963. Mkoloni alimweka kizuizini tangu 1953 hadi 1960, akihamishwa kambi hata kambi. Kinafundisha ushujaa, lakini shida ya namna ile vijana hawa hawaitazamii.

Cha pili ni cha Reginald Mengi, cha mwaka 2018, kwa Kiingereza. Alikulia Machame katika umaskini, akasomea uhasibu Uingereza, akaingia biashara kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Ni kitabu cha kumwamsha aliyelala. Ila nina hofu moja. Hapa Simiyu kijana hulima pamba pamoja na baba yake. Mvua ikikatika, au bei ikianguka, fedha ya sare na nauli haipatikani. Kijana huyo hakuwa mvivu. Akilishwa habari za ushindi peke yake, atadhani kilichopunguka ni bidii yake, wala si mvua.

Cha tatu ni Maisha Yangu cha Shaaban Robert. Huyu alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akapelekwa Mpwapwa katika idara ya mifugo. Alifiwa na mke wake Amina, akabaki na watoto wa kulea. Alifariki mwaka 1962 bila utajiri. Shida zake hazikwisha zote. Nyingine alizibeba huku kazi na kalamu vikiendelea. Tena amesimulia kwa Kiswahili, hata mzazi nyumbani aweza kusomewa akaelewa.

Ndugu zangu, kipimo changu ni hiki: kitabu kimfae msomaji siku ile jitihada yake isipozaa. Kimwonyeshe mtu aliyepoteza, na alivyoamka kesho yake.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na Shaaban Robert, cha Mengi kifuate. Nanyi vijana, visomeni vyote viwili, kisha mbishane, hata nami mnipinge.