Metali Mbadala ni Sehemu ya Kujitegemea



Kiwanda katika nchi changa mara nyingi husimama kwa kukosa kitu kidogo: beringi moja, bushi ya shaba, kisu cha kukerezea chuma, au waya wa tanuri la umeme. Kipande chenyewe huenda kina uzito wa kilo mbili tu. Lakini kikikosekana, mtambo ulionunuliwa kwa jasho la wakulima hugeuka kuwa pambo. Watanzania walioishi miaka ya mwanzo ya 1980 wanaijua hali hiyo. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1979, na baada ya gharama za vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa haba, na viwanda vingi vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Mashine zilikuwapo, na mafundi walikuwapo. Kilichokosekana ni metali fulani ambayo nchi haikuwa nayo na haikuweza kuinunua.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi nchi inayoendelea inavyoweza kupunguza utumwa huo kwa kutafuta metali mbadala na aloi mbadala, yaani michanganyiko ya metali inayofanya kazi ya ile isiyopatikana.

Wahenga walisema kwamba akosaye la mama hata la mbwa huamwa. Wako wanaodhani kwamba metali mbadala ni jambo la namna hiyo: kitu duni ambacho maskini hukikubali kwa sababu hana hiari. Mawazo hayo si sahihi. Kiwanda hakihitaji shaba wala nikeli kwa ajili ya majina yake. Waya unatakiwa upitishe umeme. Sufuria inatakiwa isishike kutu. Kisu cha kukerezea kinatakiwa kibaki na makali hata kikipata moto. Mtaalamu anayeuliza kwanza kazi inayotakiwa kufanywa, kabla ya kuuliza jina la metali, mara nyingi hugundua kwamba ziko njia zaidi ya moja za kuifanya. Nchi tajiri zenyewe zimepita njia hiyo. Katika Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipotatizika kupata tangsteni, ambayo sehemu kubwa ilitoka China, viwanda vyake viligeukia molibdeni iliyokuwa tele nchini mwake. Chuma cha visu vya kukerezea kilichokuwa na tangsteni kiasi cha asilimia 18 kikatengenezwa kwa tangsteni kidogo na molibdeni kidogo, nacho kikafanya kazi vizuri hata baada ya vita.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na hali ya nchi changa ni ule wa India. India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa tayari na kiwanda cha chuma huko Jamshedpur, kilichoanza kutoa chuma cha pua mwaka 1912. Ilikuwa na mawe ya chuma kwa wingi, manganizi, kromi, na boksiti ambayo hutoa alumini. Haikuwa na nikeli, kobalti, tangsteni wala molibdeni ya kutosheleza viwanda vyake, na shaba na stani yake ilikuwa kidogo. Tarehe 26 Novemba 1950, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alifungua katika mji huo huo wa Jamshedpur Maabara ya Taifa ya Metali. Miongoni mwa kazi za maabara hiyo ilikuwa kuchunguza jinsi utajiri uliopo ungeweza kufanya kazi ya utajiri usiokuwapo. Shughuli hiyo iliongezewa uzito na vita vya mwaka 1962 na 1965, na na uhaba wa fedha za kigeni uliofanya rupia ishushwe thamani mwezi Juni 1966.

Mambo yaliyofanyika India yanafaa kutazamwa moja moja.

La kwanza ni umeme. Kwa waya wa unene ule ule, alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 61 tu ya ule unaopita katika shaba. Mtu akiishia hapo atasema kwamba alumini haifai. Lakini uzito wa alumini ni chini ya theluthi moja ya uzito wa shaba. Waya wa alumini ukiwa na eneo la mkato mara moja na nusu na zaidi kidogo ya lile la shaba, hupitisha umeme sawa na wa shaba, na bado uzito wake huwa kama nusu tu. Kwa hesabu hiyo, India ilisambaza umeme mijini na vijijini kwa nyaya za alumini, na kwa miaka mingi hata nyaya za ndani ya nyumba zilikuwa za metali hiyo.

La pili ni chuma kisichoshika kutu. Aina yake inayojulikana zaidi duniani ina kromi kiasi cha asilimia 18 na nikeli kiasi cha asilimia 8. Kromi ndiyo inayozuia kutu; nikeli kazi yake kubwa ni kukipa chuma umbile la ndani linalokifanya kikunjike na kuvutika bila kupasuka. Kazi hiyo ya nikeli inaweza kufanywa kwa sehemu kubwa na manganizi ikisaidiwa na naitrojeni, ambayo imo katika hewa anayovuta kila mtu. India ilikuwa na manganizi. Ndiyo sababu chuma cha kromi na manganizi kilienea sana katika nchi hiyo, na mamilioni ya familia wamekula katika sahani na vikombe vya chuma hicho.

La tatu ni sarafu. Kuanzia mwaka 1964 na 1965, sarafu ndogo za India zilianza kutengenezwa kwa alumini badala ya shaba na nikeli. Mwaka 1988 zikatolewa sarafu za paisa 10, 25 na 50 za chuma chenye kromi bila nikeli. Sarafu hizo zikaacha kutegemea nikeli ya kuagiza.

La nne ni waya wa majiko, pasi na matanuri ya umeme. Waya wa kawaida ulikuwa wa nikeli asilimia 80 na kromi asilimia 20. Chuma kikichanganywa na kromi na alumini hufanya kazi hiyo bila nikeli, na huweza kuvumilia joto kubwa zaidi.

Hata hivyo, itakuwa ni kosa kueleza mafanikio na kuficha matatizo. Kila metali mbadala ina tabia yake, na asiyeijifunza hulipa. Alumini hujifunika haraka kwa ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Tena hulegea inapobanwa kwa muda mrefu na skrubu. Fundi akiifunga kama anavyofunga shaba, kiungo hulegea, hupata moto, na nyumba inaweza kuungua. Marekani yenyewe ilipata balaa hilo katika nyumba zilizowekwa nyaya za alumini kati ya miaka ya 1965 na 1973. Chuma cha kromi na manganizi hakistahimili chumvi na asidi sawasawa na kile cha nikeli, hivyo mwenye kukitumia baharini au katika kiwanda cha kemikali amejidanganya. Waya wa chuma, kromi na alumini, ukishapata moto mkali, huwa mkavu na kukatika ukikunjwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilicho kibaya. Kila kimoja kinamtaka mtumiaji ajue mipaka yake. Kwa hiyo metali mbadala haiji peke yake. Huja pamoja na maabara ya kuipima, kiwango cha taifa cha kuiongoza, na fundi aliyefundishwa kuitumia.

Hapo ndipo suala hili linapoihusu Tanzania moja kwa moja. Nchi hii haianzi na mikono mitupu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lilianzishwa mwaka 1973, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha wahandisi. Shirika la Viwango lilianzishwa mwaka 1975, na Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda mwaka 1979. Huko Liganga, wilayani Ludewa, kuna mawe ya chuma yaliyochanganyika na titani na vanadi, na makaa ya mawe ya Mchuchuma hayako mbali. Kwa muda mrefu titani hiyo ilihesabiwa kuwa kasoro, kwa sababu katika tanuri la kawaida huyafanya makapi ya chuma kuwa mazito yasitiririke. Lakini Wachina, waliokuwa na mawe ya aina hiyo hiyo huko Panzhihua katika jimbo la Sichuan, walifanya utafiti wao wenyewe na kuanza kuyayeyusha mwaka 1970. Vanadi ikitiwa katika nondo kwa kiasi kidogo sana, chini hata ya sehemu moja katika mia, huongeza nguvu ya chuma, na jengo likahitaji chuma kidogo zaidi. Kile kilichoitwa kasoro kikawa mali, kwa sababu wako watu waliokaa wakakichunguza.

Wala si lazima kungojea migodi mikubwa. Viwanda vya nondo vya Tanzania vimetegemea kwa kiasi kikubwa vyuma chakavu na vyuma vilivyoagizwa nje. Katika lundo la vyuma chakavu zimo aloi ambazo nchi imekwisha kuzilipia mara moja kwa fedha za kigeni: mataya ya mashine za kusaga kokoto yaliyo na manganizi kiasi cha asilimia 12, visu vya kukerezea vyenye tangsteni na molibdeni, vyombo vyenye kromi na nikeli. Vyote hivyo vikitupwa katika tanuri moja, utajiri huo hupotea. Zaidi ya hayo, shaba ya mota na nyaya ikiingia katika chuma haitoki tena, na chuma hicho hupasuka kinapopitishwa katika vinu kikiwa moto. Kijana mwenye sumaku na jiwe la kunolea, aliyefundishwa kusoma rangi na umbo la cheche, anaweza kutenga sehemu kubwa ya vyuma hivyo. Huo ndio mwanzo wa kiwanda cha aloi, na gharama yake ni mafunzo.

Kuna sababu nyingine ya kutenga na kupima, nayo ni afya ya wananchi. Mafundi wa mitaani huyeyusha alumini chakavu na kufinyanga sufuria. Ni kazi ya heshima, na inaziwezesha familia nyingi kupika bila kununua chombo cha kutoka ng'ambo. Lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa zinazoendelea katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba baadhi ya sufuria za namna hiyo hutoa risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Risasi hiyo hutokana na chakavu kisichochambuliwa. Fundi hawezi kulaumiwa kwa asichoweza kukiona kwa macho. Anayepaswa kulaumiwa ni yule mwenye vipimo ambaye hajawahi kufika katika karakana ile.

Ndugu wananchi, liko jambo moja la mwisho ambalo nchi zenye madini zinapenda kulisahau. Metali mbadala ni upanga wenye makali kuwili. Kila India ilipotundika waya wa alumini, kulikuwa na tani ya shaba ambayo haikununuliwa kutoka kwa wachimbaji wa nchi nyingine. Leo Tanzania inaitazamia nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, iliyojulikana tangu miaka ya 1970, kwa matumaini makubwa ya soko la betri za magari ya umeme. Lakini watengenezaji wa betri nao wanajua kutafuta mbadala. Betri za chuma na fosfati hazitumii nikeli wala kobalti, na mwaka 2023 zilichukua zaidi ya asilimia 40 ya mahitaji ya dunia ya betri za magari hayo. Nchi inayouza mawe tu hukaa ikingoja wengine waamue kama mawe hayo bado yanahitajika. Nchi inayojua kuyatumia mawe yake, na kuyageuza aloi kwa mahitaji yake yenyewe, ina pa kushika soko linapobadilika.

Kutokana na hayo, mambo manne yanastahili kufanywa bila kungoja. Kwanza, kila kiwanda kiandike orodha ya vipuri vinavyoagizwa mara kwa mara, na mbele ya kila kipuri kiandike kazi inayofanywa na metali yake. Pili, orodha hizo zipelekwe kwa watafiti na vyuo vya ufundi, ili vijana wapimwe kwa matatizo halisi ya viwanda. Tatu, biashara ya vyuma chakavu iwekewe utaratibu wa kuvitenga kabla ya kuyeyushwa au kusafirishwa nje. Nne, vipimo viwafikie mafundi wa mitaani huko huko waliko, kwa bei wanayoiweza.

Wafipa na Wahaya waliyeyusha chuma kwa mawe na makaa ya nchi yao kwa karne nyingi kabla ya meli za wageni kuleta majembe ya kiwandani. Maarifa hayo yalikufa kwa sababu jembe la kununua lilionekana rahisi. Taifa lililokwisha kulipa gharama ya urahisi huo mara moja halina budi kukumbuka kwamba mtumai cha nduguye hufa maskini.