Barua ya Mwenye Nyumba Si Amri ya Mahakama



Mimi ni muuguzi, si mwanasheria. Nasimama hapa kwa sababu wodini naona akina mama waliopona wasio na pa kurudi, na baadhi yao hawakutolewa na mtu. Walipata barua, wakafungasha.

Tumelelewa kuona aibu kuvutana na mwenye nyumba. Akisema toka, unatoka, unakwenda kulala sebuleni kwa shemeji. Hapa England heshima hiyo inatuponza. Sheria ya mwaka 1977 inasema kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa la jinai. Muda wa barua ukiisha, aende mahakamani. Akishinda, wanaokuja ni madalali wa mahakama, si mpwa wake na fundi wa vitasa. Ukiondoka mapema, kaunsili inaweza kusema umejitakia mwenyewe kukosa makazi.

Ile notisi ya miezi 2 isiyo na sababu, kifungu cha 21, imefutwa kwa wapangaji wa watu binafsi kuanzia 1 Mei 2026. Tangu siku hiyo lazima ataje sababu. Akitaka kuuza, atoe miezi 4, tena si ndani ya mwaka wa kwanza. Atakayeshindwa hapo atajaribu kupandisha kodi. Nalo linapingika, kuna baraza lake.

Ila anayetumia jiko au choo kimoja na mwenye nyumba hana kinga hii ya mahakama. Hapa wengi wetu tumo, na wenye nyumba wenyewe ni Waswahili wenzetu. Wanajijua.

Mwaka 2014, pale New Era, Hoxton, familia 93 zilijikuta mikononi mwa kampuni ya Westbrook ya New York iliyotaka kodi za bei ya soko. Hawakuhama mmoja mmoja. Wakiongozwa na akina mama watatu walikusanya saini karibu 300,000, wakaandamana hadi Downing Street, na kabla ya Krismasi Westbrook ikauza mtaa kwa shirika la kodi nafuu. Hawakuwa matajiri wale. Walikuwa wabeba maboksi kama sisi.

Kwa hiyo barua ikija, ipige picha, endelea kulipa kodi, nenda Shelter, mgongee jirani umwulize kama naye kapata. Mwenye barua leo anifuate mezani baada ya chai, tuisome pamoja.